Siku Bi Mize Alipomchezea Ng'ombe

Nilipokuwa mtoto kule Pujini, niliamini kabisa kwamba mvua huletwa na ng'ombe. Masika yakichelewa, wazee walikubaliana siku, dume akafungwa kamba ndefu na kupelekwa uwanjani, zumari likapigwa, vijana wakamchezea kwa nguo mpaka acharuke. Dume akicheza vizuri, mvua iko njiani. Akilala, basi tena.

Mwaka mmoja zamu ilikuwa ya dume letu, Usiniguse. Jina tu hilo! Nilimlisha majani kwa mkono wangu, naye alikuwa mpole kuliko mbuzi. Bibi yangu, Bi Mize, alikuwa ameshapanda mbegu yake yote ya mpunga katika udongo mkavu, hakubakisha hata ya kujaza kiganja, na ndege walikuwa wakiichakura kila asubuhi. Alikuwa akila kidogo siku zile. Mimi nikidhani ni meno.

Siku ikafika. Zumari likalia, wanawake wakaimba. Usiniguse akatutazama, akapiga magoti, akalala.

Nilitaka kulia.

"Yarabi, huyu ndo dume au godoro?" Bibi akasema, na kabla baba hajamshika mkono alishaingia uwanjani, akipunga kanga mbele ya pua ya ng'ombe. "Inuka we! Mpunga wangu waliwa na ndege, nawe walala?"

Watu wakavunjika mbavu. Usiniguse akaidaka kanga, akaanza kuitafuna. Bibi akavuta. Hapo ndipo dume aliponyanyuka.

"Kimbia, Bi Mize!"

Sijaona tena mzee akipanda mkarafuu kwa kasi ile. Akaimba kutoka huko juu, na Usiniguse akauzunguka uwanja akiwaburuza wanaume wa kamba, sisi tukishangilia mpaka sauti zikatukauka.

Mvua ilinyesha wiki ile ile. Bibi alijigamba nayo mpaka anaingia kaburini, Mungu amrehemu.

Mimi nimesoma, na utabiri wa hali ya hewa naupata kwenye simu. Lakini mwaka huu mpunga uliokuwa udongoni ni wangu, na simu haikuwa na habari njema. Waliposema ng'ombe wanachezwa, nilitangulia uwanjani, nikapiga kelele na kucheka na watu ambao mashamba yao yalikuwa makavu kama langu. Jioni nilirudi nyumbani bila hata tone la mvua, na woga umenitoka.

Nadhani Bibi alilijua hilo tangu zamani.