Buni Tisa za Ziwa

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, tukiishi katika nyumba za polisi kule Naguru, bibi yetu alitutembeza kando ya ziwa kutwa nzima ili mama asife. Nasema hivyo moja kwa moja. Hadithi za kuzungukazunguka hunikera.

Tulimwita Jjajja. Alimzaa mama, Muganda wa Ggaba. Baba alikuwa askari kutoka kaskazini, kwa hiyo nyumbani lugha ilikuwa Kiswahili, na Jjajja akajilazimisha nacho kwa ajili yetu. Mama alikuwa amelazwa wiki ya tatu. Wakimwongeza damu, siku mbili tu imekwisha. Jjajja akasema kuna mawe huko mbali ufukweni; mtoto wa mgonjwa akilitupia ziwa buni tisa za kahawa kwa mkono wake mwenyewe, mgonjwa huachiliwa. Akatufungia buni zilizokaangwa katika jani kavu la mgomba, zangu mbali, za kaka yangu Otim mbali. Buni hizo tulizijua sana. Ndizo alizowapa wageni watafune.

"Leo hii haikuliwi," akatuonya. "Ukikula hii, umekula mama yako. Munasikia?"

Tukaondoka asubuhi. Tulipita mukene, dagaa wa ziwa letu, walioanikwa juani, halafu njia ikawa nyembamba. Kwenye mafunjo tope lilitufika magotini. Baada ya hapo ni majabali, ya moto kama sufuria. Na ziwa lenyewe linametameta, visiwa vimekaa kwa mbali, uzuri mtupu. Nikalichukia.

"Oneni binti wa askari!" Otim akanicheka. "Gwaride kidogo tu, anahema kama mbuzi."

"Na wewe uliyelilia mwiba?"

"Nilipiga kelele, sikulia."

Mchana chakula hakuna. Nilimkasirikia Jjajja, nikamkasirikia hata mama kwa kuugua. Nikabaki nyuma, nikafungua jani. Moja tu, nilijiambia. Tulipofika kwenye mawe, jani lilikuwa tupu.

Otim alitupa zake moja moja. Mimi nilikunja ngumi, nikatupa hewa.

"Umetupa yote?"

"Yote, Jjajja."

Akapiga makofi, akacheka huku machozi yanamtoka. Njia nzima ya kurudi, miguu imemvimba, aliimba kwa sauti ya chini.

Mama alifariki Ijumaa ile.

Matangani Jjajja hakuwa na neno jingine: ziwa limemkataa yeye, kwa makosa yake ya ujanani. Alijipiga kifua mbele za watu. Siku ya tatu nikashindwa kuvumilia, nikamvuta nyuma ya jiko.

"Jjajja, si wewe. Zangu nilikula."

Nilingoja kofi. Aliniangalia, akajifunga vizuri kitambaa kiunoni, akarudi kwa wanawake wenzake. Tangu hapo hakujilaumu tena.

Hakunitupa. Alininunulia sare za shule, aliniuguza malaria, alimpakata mtoto wangu wa kwanza. Ila kikapu cha buni kilipozungushwa sebuleni, mkono wake uliruka wangu ukaenda kwa aliyefuata, kimya, miaka yote, mbele ya wageni ambao hawakuona kitu.

Shule niliiacha mapema, lakini kusoma nimejifundisha. Nimenunua vitabu vya udaktari vilivyochakaa, nimesoma habari za saratani ya damu neno kwa neno, nimegombana na manesi hadi wakanieleza. Najua. Mama asingepona hata kama ningetupa gunia zima. Watu hunisifu kwamba namwambia mtu ukweli usoni, ingawa hasira zangu wanazikimbia. Mimi nakumbuka ukweli wangu wa kwanza: nilimtua bibi mzigo, akautazama, akaona kweli ni wangu, akaniachia.

Kila kitabu kinanitoa hatiani. Lakini sikuwa nakisubiri kitabu. Nilimsubiri yeye aseme, "Hapana, mwanangu, ni ugonjwa tu," na mwaka juzi tulimzika hajasema.