Okidi ya Mama Wafula, Kutoka Lindi Hadi Kongo

Kwanza nilisikia kitu kidogo kigumu kikigonga ndani ya mkebe. Koko, koko, koko, halafu mlio mrefu kama wa nyoka, halafu kimya. Nilikuwa bado nimelala, blanketi kichwani, nikadhani ni mtoto wa jirani anachezea kopo la njugu. Kisha sauti ile ikasogea hadi mlango wa pili, nikaelewa. Mtu alikuwa anatikisa mkebe wa rangi.

Nilipotoka nje, watu wawili waliovaa makoti ya kung'aa walikuwa wamefika mwisho wa kichochoro. Kwenye mlango wangu hapakuwa na kitu. Kwenye mlango wa Mama Wafula, jirani yangu wa ukuta mmoja, palikuwa na X nyekundu, bado inachuruzika. Vipimo vya barabara vilikuwa vimepita katikati yetu: nyumba yake ndani, ya kubomolewa, yangu nje, na mabati tuliyoshiriki ndiyo mpaka. Niliona aibu kwa jinsi moyo wangu ulivyotulia kabla haujaanza tena kwenda mbio.

"Wamesema lini?"

"Leo ama kesho." Alikuwa amesimama na leso begani, akiitazama X kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. "Sasa nani atapeleka maua?"

Swali hilo ndilo lililonitoa Lindi, mtaa wetu wa Kibera, Nairobi, asubuhi ile. Mama Wafula hufua nguo katika nyumba za matajiri, Lavington. Wenye nyumba hununua okidi zikiwa na maua, huziweka mezani, na maua yakianguka huzitupa, wakidhani zimekufa. Hazijafa, zimepumzika. Wanawake wa kufua ndio walioanza kuziokota kwenye mapipa na kurudi nazo nyumbani, na sasa wako saba, wa nane akiwa Odero, fundi seremala mwenye uwanja wake Kongo, kule Kawangware. Mara moja kwa mwaka, baridi ya Julai ikishapita na vikonyo vikishafunguka, hukutana Jumapili moja kwa Odero, kila mmoja na kilichochanua kwake, wakanywa chai na kutazama. Mimi si mwanachama. Ni jirani tu ninayependa kutazama.

Kwa miaka minne Mama Wafula alipeleka majani matupu. Wenzake wakambandika jina: Mama Sukuma, kama anayelima sukuma wiki. Mwaka huu okidi yake ilitoa kikonyo chenye tumba saba, tatu zimefunguka, nyeupe, zenye koo la zambarau. Jumapili yenyewe ilikuwa leo. Naye hangeweza kutoka.

"Nikitoka tu, nikirudi hata bawaba sitapata," alisema. "Na ikibaki hapa, itafukiwa pamoja na mimi. Ipeleke, baba. Waione. Halafu ikae kwa Odero."

Akaileta nje ikiwa kwenye mkebe wake wa mafuta ya kupikia, uliotobolewa kwa msumari na kujazwa vipande vya makaa badala ya udongo. Akanipa na chupa ya maji. "Hii ndiyo maji yake. Usikubali wampe ingine."

Hapo lazima nieleze habari ya kibandiko. Okidi ilipotoka kwenye pipa ilikuwa na kikaratasi cha plastiki shingoni, kimeandikwa kwa Kiingereza: *water well in spring*. Mama Wafula alikisoma neno kwa neno. Maji. Kisima. Chemchemi. Maneno matatu, na yote ni maji. Akaona mmea huu hautaki mchezo, hautaki maji ya mfereji, unataka yanayotoka chini ya ardhi. Chini ya kichochoro chetu, kati ya mawe, kuna chemchemi ndogo ambayo watu huoshea miguu. Kwa miaka minne, kila Jumatano na kila Jumamosi, aliteremka huko na birika dogo. Mimi nilijua kwamba hiyo spring ni majira ya wenzetu wa mbali wanaotoka kwenye theluji, na kwamba kibandiko kilisema tu imwagiliwe vizuri wakati huo. Nilijua na sikumwambia.

Saa mbili asubuhi niliondoka kwa miguu. Gari lingevunja kikonyo kwenye tuta la kwanza. Niliuweka mkebe ndani ya katoni, nikaifunika shuka jepesi lililoshikwa na vijiti ili lisiguse ua, nikaikumbatia. Nilipopanda kuelekea Makina niligeuka mara tatu kutazama paa la Mama Wafula. Kila mara lilikuwepo, na kila mara niliona kama limekuwa dogo zaidi.

Soko la Toi nilikuwa nimeliogopa tangu nyumbani. Mama Wafula alikuwa ameniambia kwamba ndizi mbivu ni adui: harufu yake huziangusha tumba kabla hazijafunguka, na yeye mwenyewe hajala ndizi ndani ya nyumba tangu kikonyo kitokeze. Jumapili hiyo, kana kwamba wamepewa habari zangu, wauza ndizi walikuwa pande zote mbili za njia, mafungu ya manjano hadi magotini. Nikabana pumzi, kana kwamba pua ilikuwa yangu, nikaenda upande upande.

"Brathe, mtoto analala?" mwanamke mmoja akaniuliza, akichungulia shuka. "Mnunulie ndizi akiamka."

"Hali ndizi," nikasema.

"Ai. Mtoto gani huyo?"

Nilivuka Ngong Road jasho likinitoka, ingawa jua lilikuwa bado la upole. Nikasimama chini ya mti na kuchungulia. Saba. Zote saba.

Saa tatu na nusu nilikuwa Gitanga Road, na hofu ikabadilika sura. Kule Kibera mtu hubeba chochote na hakuna anayeuliza. Hapa barabara ilikuwa tupu, ua wa michongoma umekatwa sawasawa, na nyuma ya kila lango kuna mbwa aliyenisikia kabla sijafika. Ghafla nikajiona kwa macho ya wengine. Ua la aina hii huonekana nyuma ya vioo vya nyumba hizi. Halionekani mikononi mwa mtu mwenye viatu vyenye matope ya Lindi. Ningesema nini? Kwamba lilitupwa? Hivyo ndivyo husema kila aliyeiba.

"Wewe. Hebu simama."

Mlinzi alitoka kwenye kibanda cha lango, rungu chini ya kwapa. Alikuwa mtu wa makamo, koti lake kubwa kuliko yeye.

"Umebeba nini?"

"Maua."

"Maua inabebwa kama mgonjwa? Fungua."

Nikakumbuka nimeacha kitambulisho kwenye meza. Nikaiegemeza katoni kwenye goti. Nikaliinua shuka taratibu. Tumba ya mwisho kabisa, ile ndogo ya ncha, ikaning'inia, ikaachia, ikaanguka kwenye lami kati ya viatu vyetu. Sote wawili tukaitazama.

"Madam wangu alikuwa na moja kama hii," akasema polepole. "Ilipotea mwezi uliopita. Nilifokewa hadi nikakoma."

Nilimwona akihesabu umbali kati ya mkono wake na kola yangu. Halafu macho yake yakashuka hadi kwenye mkebe.

"Hii ni mkebe ya mafuta."

"Ndiyo."

"Na hii ni makaa."

"Ndiyo."

"Nani anapanda maua kwa makaa?"

"Mama mmoja wa Lindi. Anafua nguo hapa hapa Lavington. Walitupa, akaokota."

Aliuzungusha mkebe kwa ncha ya kidole, akitazama mizizi ya kijani iliyotoka kwenye matundu ya msumari. "Yetu ilikuwa kwa chungu ya kizungu," akasema mwishowe. "Na ilikuwa imekauka, hata sijui mbona walilia." Akaniokotea ile tumba, akaniwekea kwenye mfuko wa shati. "Haya enda. Na ufunike, usipatane na mwenye hasira kuliko mimi."

Sikupunguza mwendo hadi nilipozisikia boda boda za Kawangware zikipigiana honi. Sijawahi kuifurahia kelele ile kama siku hiyo.

Saa nne na nusu nilifika Kongo. Uwanja wa Odero uko nyuma ya maduka, mahali pa kunusa unga wa mbao kabla hujaona mbao zenyewe. Alikuwa ametundika chandarua cha kivuli, na chini yake okidi za wenzake zilining'inia kwenye vikapu vya vipande vya mbao alivyogongelea mwenyewe. Wanawake sita walikuwa wamekaa kwenye magogo, vikombe mkononi. Maua niliyoyaona yalikuwa mawili tu, yote kwenye mmea wa Shiru, mwanamke mcheshi wa Kikuyu anayefua pamoja na Mama Wafula.

Nikaliondoa shuka. Waliinuka mmoja mmoja na kusogea, mikono nyuma, kama watu wanaomtazama mtoto mchanga wakiogopa kumpumulia.

"Haki, Mama Sukuma ametunyamazisha," Shiru akasema. "Na mwenyewe ako wapi, anajificha asituaibishe?"

"Wameweka X kwa mlango wake. Leo ama kesho."

Vikombe vikashuka. Niliona hofu ikipita usoni kwa kila mmoja, kwa sababu hakuna aliyekuwa pale ambaye mlango wake hauwezi kupakwa rangi.

Odero alikuwa ameinama, anasoma kibandiko. "Anaipea maji gani?"

Nikawaeleza. Maji, kisima, chemchemi. Shiru alicheka hadi akashika mbavu. "Woi! Si ni msimu, Mama Sukuma! Ni ile wazungu wanatoka baridi!" Wengine wakacheka naye, kicheko cha watu waliokuwa wanatafuta sababu.

Odero hakucheka. Alisogea hadi kwenye mmea wake mwenyewe, majani matupu mwaka wa tatu, akakwaruza mzizi kwa ukucha. Ukatoka unga mweupe. Akakwaruza wa pili. Mweupe.

"Sisi tunazipea chumvi," akasema. "Hii maji ya kisima ya huku. Hata sufuria inabaki nyeupe. Yeye peke yake ndiye anapea maji." Kisha akanigeukia. "Hiyo chemchemi iko upande gani? Wenye X ama usio na X?"

Sikuwa nimewaza hilo. "Wenye X."

Aliufungua mlango wa stoo ya mbao na kuanza kusogeza vipande ukutani. "Hapa pataingia kitanda na jiko. Mwambie aje leo, si kesho. Mkokoteni wangu utafika kwake saa nane. Na hizi zijazwe kwa hiyo chemchemi kabla wale wa kubomoa hawajafika." Akanikabidhi madumu mawili matupu.

Saa saba nilikuwa ninashuka tena kutoka Makina, nikikimbia na madumu yakigonga mapaja. Kila ngurumo ilikuwa tingatinga. Mashine ya kusaga unga ilikuwa tingatinga. Lori la mchanga lilikuwa tingatinga. Nilipokata kona ya mwisho nilifumba macho kwanza.

Nyumba ilikuwepo. Mama Wafula alikuwa amefunga vitu vyake kwa shuka, amefagia sakafu, na amekaa juu ya ndoo.

"Zilifika saba?"

Nikatoa ile tumba mfukoni. "Sita."

"Sita ni mingi." Aliitazama kiganjani. "Shiru alisema nini?"

"Alisema umewanyamazisha."

Hapo ndipo alipocheka. Nikamweleza habari ya stoo, ya mkokoteni, ya ule unga mweupe, na mwisho, kwa sababu sikuweza tena kukaa nayo, habari ya kibandiko. Kwamba si chemchemi. Kwamba nilijua siku zote.

"Na mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utaacha kwenda chemchemi."

Alifikiri. "Ningeacha," akasema. Nami nikajifunza, nikiwa nimesimama pale na madumu ya watu, kwamba safari yote ile nilikuwa nimebeba kosa lake mikononi, na ndilo peke yake lililochanua.

Mbali, upande wa mto, injini ilianza kunguruma, na safari hii haikuwa ya kusaga unga. Mama Wafula alisimama, akachukua dumu moja, akaniachia la pili. Alitazama ndani ya chumba mara moja. Kisha akatoka na mafurushi yake, akayaweka kwenye kizingiti changu, akavuta mlango wake hadi ile X ikakaa wima mbele yetu, akatia kufuli, na kuanza kuteremka kuelekea kwenye mawe ya chemchemi.