Paja la Kuku Kaburini

Haya, chekeni mmalize, maana najua Nathalie kashawasimulia nusu, na mimi sikatai: aibu niliyoipata kule milima ya Ardennes, nikiikumbuka hadi leo masikio yanawaka.

Mama yake Nathalie, Maman Béatrice wa Evere, mtaa wa Brussels, alikuwa bado hajakubali nimuoe binti yake, basi Nathalie akaona atupeleke matembezi ili tuzoeane. Njia yenyewe ni ya kuzunguka: inapanda mlima, inapita makaburi ya mawe ya watu wa kale, inakata uwanda wa bruyère (vichaka vifupi vya maua ya zambarau, hata sungura hapati pa kujificha), halafu inakurudisha ulikoanzia. Nilivaa suti, maana naenda kuonwa na mkwe.

Sasa, kwetu Waluba, mkwe hali mbele ya mama mkwe, wala mama mkwe mbele ya mkwe, hata tonge moja. Nathalie kazaliwa Brussels, mambo hayo hayajui, akatandika kitambaa, akafungua kuku.

"Chéri, hautakula?"

"Non, miye sina njala." (Tangu nitoke nyumbani Anderlecht sijatia kitu mdomoni.)

"Bon, hata miye nimeshiba," akasema Maman, akiangalia pembeni. "Naenda kutazama maua."

Alipotupa mgongo tu nikachukua paja moja, nikasema napiga simu, nikatambaa ndani ya kaburi moja la mawe, nikaanza kazi. Mdomo umejaa, tochi ikanimulika usoni: kundi la wastaafu na kiongozi wao, aliyekuwa akiwaeleza kwamba humo ndimo walimolazwa wakubwa. Bibi mmoja akapiga yowe. Nikasema "bonjour", nikatoka kwa magoti, nikasikia Nathalie anakuja mbio akiniita, na mimi, kwa hofu kwamba mama yake yuko nyuma yake, nikakimbia upande wa pili na suti yangu iliyojaa udongo, paja mkononi.

Nilisahau kwamba njia inazunguka.

Nyuma ya jiwe moja refu, katikati ya bruyère, nikamkuta Maman Béatrice kaketi, bawa la kuku liko mdomoni. Tukatazamana. Akameza taratibu.

"Hauyaniona," akasema. "Na miye siyakuona."

Ndoa ilifungwa. Nimeapa sitatembea tena njia isiyokuwa na mwisho, wala mimi na Maman hatujawahi kula pamoja, ila kila sikukuu nikitoka kwake Evere nakuta ndani ya mfuko wa koti langu paja la kuku, limefungwa vizuri kwenye karatasi ya aluminiamu, na hakuna anayesema kitu.