Kioo cha Mwisho cha Kanisa la Muthangari

Kioo hiki kikitoboka, kazi yako imekwisha. Bwana Sifuna, mwenye karakana ya vioo ya Dagoretti Corner, alimwambia fundi wake Musembi hivyo bila kupepesa macho. Ilikuwa 1974, na Mbithe, mkewe Musembi, alikuwa na mimba ya miezi minane.

Kioo cha kwanza cha mlango wa kanisa la Muthangari kilikuwa kimetoboka mikononi mwa Musembi. Alibeba lawama, ingawa aliyemwelekeza ni Odero, msimamizi wake. Mkubwa hatajwi ovyo. Sasa kilibaki hiki kimoja.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchonga maandishi kwa mchanga unaopulizwa kwa bomba, mpaka nusu ya unene wa kioo, basi. Odero alikuwa amesafisha mabehewa kwa mchanga miaka kumi na mitano. Chuma hukwanguliwa sana mchanga ukikijia kimshazari. Ukikigonga wima hukibonyeza tu. Kwa hiyo kwake yeye, penye wembamba bomba hushikwa wima. Uzoefu nao una kiburi chake, jamani!

Musembi hakuwa na shule ya kubishana naye. Alikuwa na ukaidi. Wiki mbili nzima, wenzake wakienda kula, alipulizia mchanga vigae vya kioo, kila kimoja kwa mwinamo wake, akihesabu mpaka sitini. Jioni alivipeleka mjini kwa sonara mmoja, vikapimwa kwenye mizani ya kupimia dhahabu, naye akaandika daftarini kilichopungua. Kioo hakikufuata desturi za chuma hata kidogo. Bomba likiwa wima kilimeguka upesi; likiinamishwa kililika polepole. Mwishowe aliweza kukisia kina kabla hajafungua mchanga, na kigae kikamkubalia.

Siku yenyewe ilibaki herufi moja, imefika karibu na nusu ya unene. Sifuna alikuwa amesimama nyuma yao.

"Shika wima," Odero akasema. "Hapo imekuwa thin."

"Mzee, nikishika wima itatoboka. Hii si chuma."

"Wewe ndio utanifundisha kazi?"

Tusimfanye shujaa: kazi aliihitaji. Lakini aliinamisha bomba, akahesabu kimoyomoyo. Kumi. Ishirini. Odero alinyoosha mkono kufunga mchanga, akausitisha hewani. Thelathini na tano. Musembi akafunga mwenyewe, akapangusa vumbi. Kioo kilikuwa kizima.

Sifuna alimpiga Odero begani. "Asante mzee. Umemwongoza vizuri."

Odero alipitisha kidole kwenye herufi ile, uso umemsawijika.

"Hapana, bosi. Huyu amenikatalia. Na ile ya kwanza, ni mimi nilimwambia ashike wima. Nilikuacha ukimlaumu."

Sifuna akamgeukia Musembi. "Ni kweli?"

Musembi aliitikia kwa kichwa. Wiki mbili alikuwa amejiandaa kufukuzwa, si kutetewa. Alifunika uso kwa mikono yenye vumbi, akalia mbele yao wote wawili.