Ndani Kuna Maini

Mwanangu, ilikuwa Jumamosi, saa nane na nusu mchana, nilipowasha jiko la mkaa uani kwenu Igoma. Nakuita mwanangu japo nipo kidato cha tatu na chunusi hazijaniisha, maana mtoto wa dada ni mtoto wako. Ulikuwa hujatimiza hata mwezi. Asubuhi ile bibi yako, mama yake baba yako, alikuwa amefika kutoka Bukoba kukuona. Alikuwa hajawahi kula kwa mkwewe. Dada yangu Neema, mama yako, alikuwa bado kwenye uzazi, basi mpishi nikawa mimi.

"Pendo, leo usiniangushe," dada alininong'oneza. "Huyu mama akirudi kwao ataulizwa mkwe wake alimlisha nini."

Nyama ya kujaza nilikuwa naijua vizuri. Wa bucha alinipasulia steki nene mpaka ikafunguka kama daftari. Nikaiponda kwa mchi, nikaipaka kitunguu swaumu na ndimu. Ndani nikaweka karoti, hoho, na maini niliyokaanga na kuyakatakata hadi hayajulikani tena kuwa maini. Nikaviringisha, nikafunga kwa uzi, nikakaanga juujuu, kisha nikaiacha itokote taratibu kwenye rojo la nyanya. Harufu ilivuka ukuta, jirani akauliza kuna sherehe gani.

Mgeni sikumuuliza kitu. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, nikakimbilia jikoni. Ndivyo nilivyo, mbele ya mtu mpya ulimi hunikauka.

Jioni nikakata vipande, nikaandaa mkekani. Bibi alinawa huku akimsimulia dada harusi moja ya kijijini kwao, walivyomng'ang'aniza mishikaki ya maini.

"Maini, mimi? Kwa baba yangu ni mwiko. Tangu nizaliwe hayajapita hapa," akasema, akagusa koo.

Dada akacheka naye. Hakujua kilichomo. Bibi akachukua kipande.

Nikisema, namwaibisha dada mbele ya mkwewe. Nikinyamaza, hakuna atakayejua ila mimi. Nakwambia ukweli mwanangu, niliona kunyamaza ni rahisi zaidi. Lakini heri aibu ya jioni moja kuliko kumvunjia mtu mzima mwiko alioutunza maisha yake yote.

"Bibi, usile," nikasema. Sauti ilitoka kama ya paka.

"Una nini wewe?" dada akauliza.

"Ndani kuna maini."

Bibi akarudisha kipande polepole, akanawa upya. Dada akainamisha uso.

"Kumbe unaongea," bibi akasema. "Tangu asubuhi nawaza mwanangu kaoa kwenye ukoo wa mabubu."

Dada akaanza kuomba radhi, bibi akamkatiza. "Ngoja, mkwe. Na wewe mdogo, sikiliza. Chakula kilicho wazi mgeni hujionea. Cha kufunga hivi, macho ya mgeni ni mpishi. Ungeniuliza asubuhi, sasa hivi tungekuwa tunakula wote. Lakini umesema kabla sijameza, kwa hiyo nikifika kwetu nitasema nimelishwa na watu wanaoniheshimu. Kuna ndizi?"

Ndizi zilikuwepo, na maziwa ya mgando. Alikula akashiba. Ile nyama nikaachiwa mimi, na usidhani ilinipita vizuri.

Basi nakuusia. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kuona haya si ubaya, ni nguo ya mtu, ila usiivute mpaka ikafunika mdomo wakati mwenzako anategemea useme. Uliza mapema. Kama umechelewa kuuliza, wahi kusema, hata kwa sauti ya paka. Mungu akukuze, akupe mkono mwepesi jikoni na ulimi usioogopa wageni.

Kesho yake, kabla sijawasha moto, nilibisha hodi kwa bibi, nikapiga goti, nikamwuliza anakula nini na hali nini. Alifurahi kuulizwa, akataja mpaka nikakaa chini. Nikauliza na mwiko wako.

"Huyu ni wa ukoo wa baba yake," akasema. "Samaki kamongo asiguse."

Nikakuchukua kitandani ukiwa bado na usingizi, nikakwambia sikioni, wewe wa kwanza. Kisha nikaenda kumwambia mama yako.