Kumgeuza kwa Adhana

Mume wangu alianguka kutoka juu ya paa la nyumba yetu Siyu, akiezeka makuti kabla ya mvua. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Hapakuwa juu sana. Angeangukia mchanga angeinuka akacheka, lakini aliangukia mgongo, juu ya jiwe nililokuwa nikikalia nikiosha vyombo. Akili zake zote alikuwa nazo. Aliniambia kwa sauti yake ya kila siku, "Nitafutie miguu yangu, siioni ilipo."

Tulifanya kama wafanyavyo watu wote kwetu. Wanaume wawili walimshika makwapani wakamkalisha, wakampandisha punda, wakamshikilia hadi kwenye mkono wa bahari, kisha mashua mpaka hospitali ya Amu. Mimi nilishika miguu isining'inie. Baadaye niliambiwa alifaa kulazwa juu ya ubao wa mlango, asikunjwe hata kidogo. Sijui kama ingesaidia. Sitaki kujidanganya kwamba isingesaidia.

Baada ya wiki kadhaa hospitalini tulirudi naye nyumbani, na mpira wa kutolea mkojo, na maagizo ambayo sikuyaelewa vyema. Nilisoma chuoni tu, Kurani na kuandika kidogo. Nilichoelewa ni kwamba kuanzia chembe cha moyo kwenda chini hakuwa na habari ya mwili wake. Mikono ilikuwa mizima, na ulimi ulikuwa mzima zaidi.

Siku moja mama mkwe, tuliyekaa naye nyumba moja, aliniita nikiwa jikoni.

"Guu limeteza," aliniambia. "Yeo, mbele ya mato yangu."

Akagusa unyayo wa mwanawe, na mguu ukajikunja, goti likapanda, ukarudi chini. Akagusa tena, ukacheza tena. Mume wangu aliutazama kama mguu wa mtu mwingine. Mama mkwe alilia, akapika mikate ya sadaka akawagawia watoto wa chuoni. Nami niliamini. Niliamini kuliko yeye.

Kwetu mwili uliolala huamshwa kwa mkando. Mzazi aliyetoka kujifungua hukandwa, mwenye baridi yabisi hukandwa. Nilipasha chumvi ya mawe chunguni, nikaifunga kitambaani, nikamkanda mapaja na mashavu ya miguu. Mkando una kanuni moja: anayekandwa ndiye asemaye basi. Mkandaji haulizi. Mkono wake huendelea mpaka asikie neno hilo. Furushi moja niliweka chini ya kisigino, likakaa hapo huku tukizungumza habari za mbuzi wa jirani aliyekula mtama wetu. Nilingoja aseme basi. Hakusema. Nilifurahi, nikaona anastahimili, nikapasha furushi jingine.

Asubuhi kisigino kilikuwa na lengelenge kama yai. Siku ya tatu lilipasuka, nyama ikaonekana. Yeye hakuhisi kitu.

Nilimwacha kwa mama yake, nikaenda Amu kumtafuta dresa, mfunga vidonda aliyemhudumia hospitalini. Alikuwa mtu mzima, mpole, hakupenda kuulizwa mambo marefu akiwa kazini. Aliniambia nimfuate nyumbani. Mkewe alikuwa amenunua mgongo wa mbuzi, na dresa akauchukua ubaoni akaupasua kwa kisu mbele yangu, mkewe akinung'unika kwamba mchuzi wake umegeuzwa darasa.

Alinionyesha kwamba pingili za uti ni nyumba tu. Kila moja ina tundu, na zikipangana matundu huwa mfereji mmoja. Ndani ya mfereji mlikuwa na uzi mweupe, laini. Wa mtu, alisema, ni mnene kama kidole cha mwisho, umevikwa ngozi tatu nyembamba na maji kati yake, ili usigongwe na mfupa. Hutoka kwenye ubongo ukashuka, lakini haufiki mwisho wa mgongo. Ukifika kiunoni hufumuka nyuzi nyingi kama ncha ya kamba. Na njiani, kila penye pengo la pingili, hutoa nyuzi kulia na kushoto. Za mbele hupeleka amri ya kichwa kwenye misuli. Za nyuma huleta habari: moto, baridi, maumivu, hata mguu uko wapi. Uzi wa mume wangu ulipondwa katikati ya mgongo. Amri haishuki, habari haipandi.

Nikamuuliza juu ya mguu unaocheza. Alisema sehemu iliyo chini ya jeraha bado iko hai. Unyayo ukiguswa, habari hufika kwenye uzi, na uzi hujibu palepale bila kukiuliza kichwa. Hata mimi, nikigusa chungu cha moto, mkono hurudi kabla sijajua. Kichwa huambiwa baadaye. Cha mume wangu hakiambiwi kamwe.

"Utaunga?" nikauliza.

"Mfupa huunga. Huu sijauona ukiunga." Akaweka kisu chini. "Lakini nisikilize, Bi. Mgongo hautamuua. Kitakachomuua ni ngozi, au mkojo. Na hivyo viwili viko mikononi mwako."

Akanifundisha kuuchemsha mpira kila mara, kuosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, kuweka mito ya sufi kati ya magoti, na kumgeuza kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku, kwa sababu ngozi isiyoweza kulalamika huoza kimya kimya.

Saa hatukuwa nayo, tulikuwa na adhana. Alfajiri ubavu wa kulia, adhuhuri wa kushoto, na vivyo hivyo hadi isha. Asubuhi, iliyo ndefu, niliigawa kwa jua: mara moja lilipofika kizingitini, mara moja lilipoingia kisimani. Mume wangu alizoea. "Upande huu bado mbichi," alikuwa akisema, "nirudishe kikaangoni."

Usiku ndio ulionishinda. Na mama mkwe nilikwisha kumwambia ukweli siku ileile niliyorudi: mguu hauchezi kwa kupona, na kisigino nimekiunguza mimi. Alininunia siku mbili. Usiku wa tatu, alipoamka kuswali kama kawaida yake, nilisikia mkono wake begani.

"Inuka," alisema. "Ni wakati wa kumgeuza."

Hakuacha kuniamsha mpaka mwisho.

Kidonda nilikipima kwa punje za mtama. Mwanzo upana wake ulikuwa punje tisa. Mwezi mzima zilibaki tisa, nikakata tamaa asubuhi moja na adhuhuri nikamgeuza vilevile. Kisha zikawa nane, sita, zikarudi saba, zikashuka tena. Kilifunga mvua ya pili ilipokwisha.

Aliishi miaka minne. Alikufa kwa homa ya figo. Mkojo ulinishinda, lazima niseme hivyo. Ngozi haikunishinda.

Niliomba niwemo katika kumwosha, na mwalimu wetu wa chuoni alisema mke ana haki hiyo. Mwosha, mzee aliyeosha watu wengi waliolala muda mrefu, alikuwa ameweka pamba nyingi kwa ajili ya vidonda. Tulipomgeuza ubavu alipitisha mkono mgongoni, kwenye makalio, kwenye nyonga. Akarudisha pamba mahali pake. Kisha akafika kisiginoni, akagusa kovu.

"Na hili?"

"Hilo nilimchoma mimi," nikamwambia.

Alinipa kata, nikamimina maji juu yake mara tatu, kisha tukamgeuza upande wa pili.