Herufi ya Tatu kwenye Pindo la Veli

Veli niliiomba mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Tulikuwa Iringa, nyumbani kwa wazazi wa kijana aliyemchumbia binti yangu, siku ya familia kutambulishana, nami nimekaa kwenye kochi najisikia mtu wa maana. Ninaishi Guangzhou mwaka wa kumi na moja sasa. Kazi yangu ni kuwashoneshea wenye maduka wa Kariakoo magauni ya harusi na sare za wasindikizaji, na karibu kila siku utanikuta Guangyuan Xilu, kwenye yale majengo ya nguo za jumla, nabishana na mtu kuhusu zipu. Mtu wa kazi kama yangu akisikia neno harusi hawezi kukaa kimya.

Babu yake kijana alikuwa Mwitaliano, fundi wa mawe. Alikuja kujenga kanisa la misheni, akamaliza kanisa, akabaki, akaoa Mhehe. Familia haina makuu. Wanakula ugali kama sisi, ila Jumapili wanakanda unga kwa mayai na kukata tambi kwa kisu juu ya meza, na kwenye harusi zao kila mgeni hupewa kifuko chenye lozi tano zilizopakwa sukari: ya uzima, ya mali, ya furaha, ya watoto na ya umri mrefu. Binti yangu aliyapenda hayo kuliko hata wenyewe. Alitaka harusi yake yote ifuate huko kwa babu: meza moja ndefu ya wageni wote, si mameza ya duara na viti vilivyovishwa magauni, malimau na majani yake katikati ya meza, lesi nyeupe, na ua la plastiki lisionekane hata moja. Kumwambia hivyo mama anayeishi Guangzhou ni kumtafuta ubaya, lakini nilimeza mate nikakubali.

Ndipo mama mkwe mtarajiwa alipoitoa veli. Ilikuwa ndani ya foronya. Mama yake yule fundi wa mawe aliituma kwa posta kutoka kijijini kwao, kwa ajili ya mkamwana Mwafrika ambaye hakuwahi kumwona mpaka anaingia kaburini. Lesi yake ilifumwa kwa mkono, maua madogo madogo na majani ya mzabibu. Kwenye kona ya pindo kulikuwa na herufi tatu zilizodariziwa kwa uzi mweupe: ya bibi, ndiye huyo mkamwana, ya shangazi mkubwa wa kijana, na ya mama mkwe mwenyewe. Desturi yao ni kwamba aliyeivaa mwisho ndiye anayemshonea herufi anayefuata, kwa mkono wake, akiwa amekaa naye. Binti yangu angekuwa wa nne.

Nikasema nipeni niende nayo. Nikaeleza kwamba kule Guangzhou hakuna kisichowezekana, kwamba nitatengenezesha lesi ileile ya kutandika mezani na ya vifuko vya lozi, na harusi nzima itafanana na veli. Mama mkwe alisita. Alisema kwa upole kwamba anasikia kule kila kitu ni kopi, mtu anaweza kupeleka kitu chake akarudishiwa kingine na asijue. Chumba kikacheka, na mimi nikacheka, ingawa iliniuma. Mwanawe akamsihi. Mwishowe akanikabidhi foronya kwa mikono miwili.

"Isitoke mikononi mwako, dada," aliniambia.

"Haitatoka," nikasema.

Mpango ukawa kwamba yeye mwenyewe angekuja Guangzhou baada ya miezi miwili, anunue viatu vyake, atazame vitu, na amshonee binti yangu, ambaye ningerudi naye, herufi pale pale kwangu.

Karakana niliyoichagua iko kwenye kichochoro cha Haizhu, karibu na soko la vitambaa. Nilikwenda na foronya ndani ya mkoba, na mkoba nimeukumbatia kifuani. Mwenye karakana, mama ambaye sote tunamwita laobanniang, bosi wa kike, alitazama picha nilizopiga akasema hazitoshi, lazima mafundi wake wahesabu nyuzi kwa lenzi. Sawa, nikasema, nitakaa hapa hapa. Na nilikaa, saa nzima na zaidi. Kisha simu ikaita. Mteja wangu kutoka Mwanza alikuwa kwenye maonyesho ya Pazhou, amekwama na muuza mapazia, haelewi anachoambiwa, na alikuwa anaondoka kesho yake. Nikamwambia laobanniang nitarudi jioni. Akanisogezea kadi ya oda, nikaisaini nimesimama, nikaondoka.

Hapo ndipo kosa lilipo, na mtu asiye wa kazi hii anaweza asilione. Katika karakana za Guangzhou, ukishaacha sampuli na kusaini kadi, wanakata kipande chenye ukubwa wa kiberiti na kukibana kwa pini kwenye kadi yako. Kipande hicho ndicho ushahidi. Mzigo ukitoka na rangi nyingine, unakileta mnalinganisha. Mimi mwenyewe ndiye ninayewafundisha wageni wanaokuja na mabegi yao kutoka Dar: waacheni wakate, bila kipande huna pa kusimamia. Nimesaini kadi hizo mpaka mkono unasaini wenyewe. Neno la kuwakataza wasikate nalijua kwa Kichina, silabi mbili tu, na sikulisema.

Pale Pazhou nilikuwa nimesimama na mteja wangu kwenye banda la mapazia. Msichana wa banda akachukua mkasi, akakata kipande kwenye kona ya kitambaa, akakibana kwenye kadi, akampa mteja wangu huku akitabasamu. Niliutazama ule mkasi. Bei niliyokuwa namtafsiria mteja nikaiacha katikati. Mteja akaniuliza kama nimekula.

Nilipiga simu ya karakana, haikupokelewa. Nikapiga tena na tena nikiwa nashuka ngazi za metro. Ilikuwa saa ya chakula, na baada ya chakula mafundi wote wa Guangzhou hulaza vichwa mezani wakasinzia. Hilo pia nalijua. Vituo sita kutoka Pazhou nilivihesabu kwa vidole. Nilimwomba Mungu wasinzie kabla ya kukata. Nilimwahidi mambo ambayo sijayatimiza mpaka leo. Kichwani nilikuwa nasikia sauti moja tu, ya yule mama akisema isitoke mikononi mwako, na jibu langu jepesi. Husemwa majuto ni mjukuu, lakini yangu hayakungoja uzao wa pili.

Nilikuta wamelala. Veli ilikuwa imekunjwa vizuri kwenye rafu, juu ya karatasi safi, na kadi yangu imetundikwa ukutani. Kipande kilikuwa kimebanwa pale. Kwa heshima yao walichagua pembeni, wasiharibu maua, wakakata kwenye kona ya pindo. Herufi ya bibi na ya shangazi zilibaki kwenye veli. Ya tatu, ya mama mkwe, ilikuwa ukutani kwenye kadi.

Laobanniang aliamka akanionyesha saini yangu. Hakuwa na ubaya, alinionyesha tu jinsi unavyomwonyesha mtu saa. Kisha akaniona usoni, akaenda nyuma kumwita mama wa mume wake, bikizee kutoka Shantou, ambako zamani wanawake waliishi kwa kudarizi lesi za kupeleka ng'ambo. Bikizee akaichukua veli na kipande, akavitazama kitambo kirefu, akasema siku tatu.

Siku hizo tatu nilikwenda kila asubuhi kukaa mbele yake. Alichomoa nyuzi kutoka ndani ya pindo lenyewe, akazitumia kufuma upya palipokatika, tundu kwa tundu. Sikuthubutu hata kukohoa. Alipomaliza, mtu angeweza kuivaa, kuifua na kuipiga pasi asione kitu. Ila ukiiinua kwenye mwanga wa dirisha, kando ya herufi ya tatu, kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Na nilijua kuna mtu mmoja duniani ambaye angekaa na sindano hapo hapo, kwenye kona hiyo hiyo, macho yake sentimita chache kutoka kwenye mstari.

Nilimweleza binti yangu. Alikaa chini jikoni, kwenye sakafu. Nilitaka aniambie nimpigie mama mkwe simu niseme kila kitu, kwa sababu nilikuwa sina ujasiri wa kujiambia mwenyewe. Badala yake akasema hapana. Alisema tukikiri kwamba imekatwa, mama yule hataamini kwamba iliyoshonwa ni ileile. Ataamini kwamba tumembadilishia, kama alivyosema mwanzo, na ataamini hivyo mpaka kufa, na mwanawe ni mmoja tu na hajawahi kumpinga mama yake katika jambo lolote. "Mama, nyamaza," alisema. "Nakuomba unyamaze kwa ajili yangu."

Nikanyamaza. Siwezi kumtwika mwanangu lawama zote. Ushauri wake ulinifaa. Lakini sikula vizuri tena. Sampuli za lesi ya mezani zilitoka, nzuri ajabu, na kamati ya harusi huko nyumbani ikajaza simu yangu kwa mioyo na vigelegele. Kila simu ikilia nilidhani ni Iringa. Niliitoa veli kwenye foronya mara ngapi sijui, kuitazama dirishani, nikitumaini ule mstari umefifia. Siku nyingine nauona mnene kuliko jana.

Mama mkwe akaja. Tukampokea, tukampikia, akasifu nyumba, akalala. Asubuhi baada ya chai akasema anataka kushona kwanza, viatu baadaye. Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Akavaa miwani, akasogeza kiti dirishani kabisa, kwenye mwanga, na binti yangu akakaa kwenye kigoda mbele yake, kichwa kimeinama. Mimi nilibaki nimesimama na birika la chai ambalo hakuna aliyeliomba.

Akaitafuta kona kwa vidole, si kwa macho. Akapitisha dole gumba juu ya herufi ya bibi, ya shangazi, ya kwake. Hapo akakawia. Nilijiambia akiuliza nitasema, akiuliza tu, nitasema yote. Akachoma sindano ya kwanza, ya pili, akavuta, ikagoma.

"Uzi hapa umekaza," akasema.

"Uzee wake huo," nikasema mimi.

Lilinitoka haraka, na kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ninayotumia kuwaambia wateja kwamba rangi itakubali baada ya kufuliwa. Akaitikia, akaendelea. Herufi ya binti yangu ikaota pale pindoni, mguu wake mmoja umepita juu ya mshono wa bikizee. Mama mkwe akakata uzi kwa meno, akaiinua veli kwenye mwanga, akaitazama kitambo, akaishusha mapajani. Halafu akavua miwani, na nikaona analia.

Nikajua imefika. Nililiweka birika chini ili lisinianguke.

"Dada, nina neno nalo linanisumbua," akasema. "Tangu uondoke nayo sijalala vizuri. Nilimwambia mwanangu kwamba watu hawa watatubadilishia. Nilimwambia avunje uchumba kama ikirudi nyingine. Leo nimeishika, herufi yangu naijua, wifi yangu, huyo shangazi yao, alinishonea mkono unamtetemeka, nimeikuta vilevile. Umeitunza kuliko ambavyo ningeitunza mimi. Nimekukosea moyoni, na nakuomba unisamehe mbele ya mwanao."

Akanyoosha mikono yake miwili. Nilikuwa nimeogopa hasira, nimeogopa maswali, nimeogopa harusi kuvunjika na aibu ya kurudi Kariakoo. Hili sikuwa nimelifikiria kabisa, na lilinitisha kuliko yote, kwa sababu nafasi ya kusema ilikuwa hapo mbele yangu, imefunguliwa na mtu mwenyewe, na niliona wazi kwamba sitaitumia.

Binti yangu aliinua kichwa akanitazama. Hakuwa ananiomba ninyamaze tena. Alikuwa anangoja aone nitafanya nini.

Nikaishika ile mikono. "Yamekwisha, dada," nikasema. "Hata mimi ningeogopa."